Mwanangu Anatawadha Vizuri, Mbona Ripoti Inasema Hautambui Mwili Wake?

BARUA

Shikamoo mshauri wetu,

Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Makorora hapa Tanga. Ninayekuandikia habari zake ni mwanangu wa pili, wa kiume, ambaye ametimiza miaka minane. Alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, na mpaka leo maneno yake ni machache, mengi yakiwa ya kuomba kitu anachokitaka. Alipokuwa na miaka mitano daktari alitueleza kwamba ana usonji, yaani hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano, na kwamba misuli yake ni milegevu kuliko ya watoto wa rika lake. Tuliyapokea maneno hayo na tukaendelea na maisha. Sasa anasoma katika kitengo cha elimu maalumu kilichomo ndani ya shule ya msingi ya kawaida, na jioni huenda madrasa pamoja na dada yake.

Hivi karibuni alifanyiwa tathmini. Aliyempima, ambaye sitamtaja, alimkalisha kitini akamtaka kwa maneno ya haraka aoneshe pua, bega, kiwiko, goti, kisigino na viungo vingine, kisha akampa penseli na karatasi ili achore mtu. Mwanangu alionesha pua na tumbo, akanyamaza. Kwenye karatasi alichora mviringo mmoja na kuukandamiza mpaka karatasi ikatoboka. Shughuli yenyewe haikuchukua muda mrefu. Ripoti niliyokabidhiwa ina sentensi ambayo nimeisoma mara nyingi na bado siielewi: "Mtoto hana utambuzi wa mwili wake; kiwango chake ni cha mtoto wa miaka miwili."

Kinachonitatiza ni kwamba kila magharibi mwanangu hutawadha kando ya baba yake, akaanza na viganja, akasukutua, akapandisha maji puani, akaosha uso, mkono wa kulia mpaka kiwikoni halafu wa kushoto, akapaka kichwa na masikio, akamalizia miguu, bila kuruka hata kimoja. Mtoto asiyeujua mwili wake anawezaje hayo? Hata hivyo siwezi kusema kwamba hana tatizo. Kandambili huvaa ya kushoto kulia na wala hasumbuki. Hujigonga bega kwenye mwimo wa mlango uleule anaoupita kila siku. Akimkumbatia mdogo wake humbana mpaka mtoto analia. Madrasani huwaegemea wenzake mkekani kana kwamba hana mgongo, na shuleni, kwenye foleni ya uji, husukuma aliye mbele yake. Wakati fulani alikanyaga kigae cha chupa akatembea nacho bila kulia, mpaka dada yake alipoona damu sakafuni.

Mama mkwe wangu, ambaye ndiye anayeshinda naye na humsemesha Kidigo, anasema mtoto amedekezwa na dawa yake ni fimbo. Mwalimu wake, baada ya kuisoma ripoti, amenishauri nimpumzishe nyumbani "mpaka atakapojitambua". Naomba unieleze: je, kipimo kile kilikuwa cha haki? Je, ninaweza kumchunguza mwenyewe nyumbani, na kwa njia gani? Na je, nimtoe shuleni?

Mama wa Makorora, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako imenirahisishia kazi kwa sababu umeandika uliyoyaona kwa macho yako, pamoja na yale yasiyokupendeza, na mzazi anayeweza kufanya hivyo tayari ameanza tathmini kabla ya mtaalamu. Nitayajibu maswali yako yote matatu, ila la pili litachukua nafasi kubwa zaidi, maana ndilo unaloweza kulifanyia kazi bila kumngoja mtu.

Kuhusu ripoti, sentensi ile inadai mambo mengi kuliko yaliyopimwa. Mtoto anayeambiwa aoneshe kiwiko anatakiwa asikie vizuri, aielewe lugha ya anayemsemesha, alikumbuke neno, awe na hamu ya kumjibu mgeni, aupange mwendo wa mkono wake, ndipo afike kwenye kiwiko chenyewe. Akikwama katika hatua yoyote kati ya hizo, mpimaji huona kitu kilekile, yaani ukimya. Kwa mtoto mwenye maneno machache, tena anayeshinda na bibi anayemsemesha Kidigo, kipimo cha maneno ya Kiswahili kilichofanywa kwa haraka kimepima lugha kwanza, na mwili kimeugusa kwa mbali sana. Ni kweli kwamba watoto wengi wanapofikia takribani miaka miwili huweza kuonesha viungo kadhaa wanapotajiwa, na nadhani hapo ndipo umri ulioandikwa kwenye ripoti ulipotoka: majina yamehesabiwa, kisha hesabu ikageuzwa kuwa umri wa mtoto mzima.

Mchoro nao una historia yake. Kipimo cha kumtaka mtoto achore mtu kilienezwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Florence Goodenough, mwaka 1926, na lengo lake lilikuwa kukadiria akili ya mtoto kwa kuhesabu sehemu alizozichora. Baadaye wengine wakaanza kukitumia kana kwamba kinaonesha namna mtoto anavyouhisi mwili wake. Lakini mchoro unategemea mazoea ya penseli, nguvu za vidole, na picha ambazo mtoto amewahi kuziona, na mwenye misuli milegevu anaweza kuujua mguu wake barabara asiweze kuuchora. Mimi ningeiangalia zaidi ile karatasi iliyotoboka. Inaonesha kwamba mwanao hapati taarifa ya kutosha kuhusu nguvu anayoitoa mkononi, na jambo hilo linafanana kabisa na kumbana mdogo wake mpaka akalia. Habari iliyokuwa na manufaa kuliko zote ilikuwa juu ya meza, na sioni kwamba mpimaji aliiandika.

Ili uelewe cha kutafuta, ni vizuri ujue mwili unavyojijua. Ndani ya misuli, kano na maungio yetu mna vipokezi vidogo vinavyouarifu ubongo, bila sisi kufikiri, kila kiungo kimekunjwa kiasi gani na kinavutwa kwa nguvu gani. Hisi hii Mwingereza Charles Sherrington aliipa jina la kitaalamu mwaka 1906, na ndiyo inayokuwezesha kufunga kifungo cha mgongoni bila kukiona. Hushirikiana na ngozi, inayohisi mguso, na kiungo kilichomo ndani kabisa ya sikio kinachoarifu kama kichwa kimeinama, kimegeuka au kiko mwendoni. Kutokana na taarifa hizo zote ubongo hujitengenezea ramani ya mwili ambayo husahihishwa kila mara mtoto anapotambaa, anapopanda, anapobeba na anapoanguka. Majina ya viungo huja juu ya ramani hiyo, yakitoka kwa watu wanaomlea. Na juu ya yote upo uwezo wa kupanga tendo jipya ambalo mwili haujawahi kulifanya. Mtoto anaweza kuwa na majina yote na hisi hafifu, au hisi timamu bila jina hata moja, au vyote viwili akashindwa kupanga. Kumpima maana yake ni kutafuta ni wapi hasa pana pengo, kwa kuwa msaada wa kila pengo ni tofauti.

Sasa tuje kwenye udhu, ambao umeutaja ukidhani unaikanusha ripoti. Unaikanusha kwa sehemu. Mkono unaofika nyuma ya sikio, kwenye kiwiko na kwenye kisigino, ukianza kulia kisha kushoto, unaongozwa na ramani fulani, na mtoto asiye na utambuzi wowote wa mwili asingeweza. Lakini kuna maelezo mengine mawili ambayo lazima uyaondoe kwanza kabla ya kufurahi. Huenda mwanao anamtazama baba yake na kumfuata hatua kwa hatua, kwa hiyo anatumia macho mahali ambapo wengine hutumia hisi. Au huenda ameukariri mfuatano mzima kama watoto wanavyokariri sura fupi, kiasi kwamba akikatizwa katikati hajui alipo mpaka arudi mwanzo. Watoto wengi wenye usonji ni hodari sana wa mfuatano usiobadilika.

Njia ya kujua ni kuondoa kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Nje ya saa za swala, kama mchezo wa maji uani, mwache aanze huku baba yake amesimama nyuma yake badala ya kando, umwone kama anapoteza njia. Siku nyingine baba amwagie maji na kumwanzisha kwenye mkono wa kushoto, si kwenye viganja, uone kama anaweza kuendelea kutoka hapo. Siku nyingine mpake unga kidogo kwenye kiwiko au nyuma ya goti akiwa anauona, umwachie autafute na kuupangusa; ukishaona ameelewa mchezo, mpake mahali asipopaona, kama vile nyuma ya bega, kwa mguso mwepesi, kisha kwa mguso wa kukandamiza. Ikiwa mguso mwepesi unampita lakini wa kukandamiza anaukuta mara moja, umepata jambo ambalo mtaalamu atakushukuru kwa kumletea.

Vidole navyo vina mchezo wake, tena huu unafaa sana kwa mtoto asiyesema. Aweke mkono wake chini ya khanga, wewe uguse kidole kimoja juu ya nguo, kisha umfunue aoneshe kwa mkono wa pili ni kipi kilichoguswa, au akitikise tu. Anza na dada yake ili mwanao aone namna ya kujibu. Usimfunge macho kwa kitambaa, maana watoto wengi wa aina yake huogopa giza la ghafla, na mtoto aliyeogopa hapimiki. Kutoka hapo nenda kwenye mfuko wa nguo wenye ndimu, kijiko, ufunguo na kifuniko cha chupa: weka vitu vinginevyo vinavyofanana navyo juu ya sinia, mwoneshe kimoja, naye apapase mfukoni akitoe kilicho sawa. Hakuna jina linalohitajika hapo. Pima mkono wa kulia na wa kushoto kila mmoja peke yake, kwa kuwa tofauti kubwa kati ya mikono miwili ni jambo la kupeleka hospitali, wala usiliweke kwenye orodha ya mambo ya kusubiri.

Kuiga mikao nako kunaeleza mengi. Kaeni mkekani mkitazamana, usiseme neno, weka kiganja kichwani, kisha mkono mmoja begani na mwingine gotini, kisha mkono wa kulia ushike sikio la kushoto. Angalia kama anafika moja kwa moja, anapapasa, au anahitaji kuutazama mkono wake mwenyewe njia nzima. Akiiga kama kioo, yaani atumie mkono wa kushoto pale ulipotumia wa kulia, usimhesabie kosa hata kidogo. Watoto wasio na ulemavu wowote huzoea kulia na kushoto kwao wenyewe wakiwa na takribani miaka sita au saba, na kulia kwa mtu anayewakabili huchelewa zaidi ya hapo. Kwa kuwa ni hivyo, kandambili zilizopishana hazinitishi sana kwa upande wa kulia na kushoto. Kinachonifanya nizitaje ni kwamba hasumbuki, wakati mtoto mwingine angehisi kero ya ukanda kukaa upande usio wake na kuzivua.

Kwa mwili mzima huhitaji vifaa. Tandika kamba ya mkonge chini, halafu iinue kidogo kidogo, utazame anainua mguu kiasi gani: anayeinua juu mno kila mara na anayejikwaa kila mara wote wawili wanakosa taarifa ileile. Mpitishe chini ya meza uone kama anainamisha kichwa vya kutosha. Mpe sinia tupu apite nalo mlangoni, kwenye mwimo uleule unaomgonga. Siku mkienda ufukweni Raskazone maji yakiwa yametoka, mtembeze kwenye mchanga wenye unyevu kisha rudi ukazisome nyayo, maana zitakuonesha kama anatembea kwa ncha za vidole, kama mguu mmoja unaburuzwa, na kama hatua zinalingana. Kwa upande wa nguvu, mpe ndoo mbili ndogo zinazofanana, zote zimefunikwa, moja tupu na nyingine ina maji nusu, na utazame kama mwili unajirekebisha mara anapoinua. Mpe yai la kuchemsha amenye. Mpe kikombe kilichojaa, kisha kilicho nusu. Yote haya ni mambo ya kawaida ya nyumba yako, na kwa maoni yangu yanaeleza zaidi kuliko kiti na karatasi.

Lipo eneo moja ambalo wapimaji wengi huliruka, nalo ni hisi za ndani: maumivu, kiu, njaa, joto, haja ndogo na kubwa. Kigae cha chupa kilichomwingia mguuni asilie kinaangukia hapa. Andika ni lini anaomba maji mwenyewe na ni lini hunywa kwa sababu amepewa, hasa katika joto la kaskazi. Andika kama hukimbilia choo mapema au dakika ya mwisho. Na wakati wa kumwogesha jioni, mkague mwili mzima, nyayo zikiwemo, kwa kuwa yeye hatakuambia. Kama jeraha lile halikuonwa na mhudumu wa afya, nenda kituoni ukaulizie habari ya chanjo yake ya pepopunda. Hili lifanye wiki hii.

Weka daftari. Kila unapojaribu, andika ulichomtaka afanye, ulimwelekeza kwa neno, kwa kuonesha au kwa kumgusa, alifanya nini, na alihitaji msaada wa aina gani. Andika pia saa, kama alikuwa na njaa, kama alikuwa ametoka madrasani amechoka. Dakika chache zinatosha kwa siku moja, na akikataa mwache. Usimpe alama, alama ndizo zilizotufikisha hapa. Maelekezo yatolewe kwa Kidigo na kwa Kiswahili kwa siku tofauti, uone kama lugha inabadilisha jibu. Linganisha, ukitaka, na dada yake au binamu wa nyumba hiyohiyo, kwa sababu mtoto aliyelelewa kwenye mkeka na uani hana budi kulinganishwa na aliyelelewa hivyohivyo.

Neno hilo la kulinganisha linanirudisha kwa wataalamu. Vipo vipimo vilivyotengenezwa kwa uangalifu mkubwa. Jean Ayres, Mmarekani mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yaani tiba ya kumsaidia mtu amudu shughuli za kila siku, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuunda majaribio kumi na saba, yaliyochapishwa pamoja mwaka 1989, mwaka mmoja baada ya kifo chake, ambayo ndani yake mna kutambua kidole kilichoguswa, kupapasa umbo bila kuliona, kuiga mikao na kusimama kwa mguu mmoja. Mengi niliyokueleza juu yanafanana nayo. Lakini viwango vyake vilitokana na watoto wa Marekani na Kanada wa umri wa miaka minne mpaka chini kidogo ya tisa, na majaribio kadhaa humtaka mtoto akae na kufuata maelekezo kwa muda mrefu. Ukimpata mtaalamu anayevitumia vipimo vya namna hiyo, mwombe akueleze mtoto alifanya nini na kwa namna gani, kuliko kukupa tarakimu iliyolinganishwa na watoto wa mbali.

Kabla ya mtaalamu yeyote wa mwili, hakikisha masikio na macho yamepimwa. Anzia Hospitali ya Bombo kwa hilo, kisha uombe rufaa ya kuonana na mtaalamu wa tiba kwa vitendo au wa mazoezi tiba. Wataalamu wa tiba kwa vitendo hufundishwa katika hospitali ya KCMC kule Moshi, na watoto wenye ulemavu huhudumiwa pia katika hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam. Ukiona amepoteza uwezo aliokuwa nao, ameanza kuanguka ovyo, ameduwaa kwa vipindi asisikie akiitwa, au upande mmoja umedhoofu, usisubiri miadi. Na kwa wasomaji wengine ambao watoto wao wana hali ya Down, ile ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji wa akili na mwili: michezo ya kubinuka sarakasi na kukunja shingo kwa nguvu msiijaribu kabla daktari hajaichunguza shingo, kwa sababu maungio ya juu ya uti wa mgongo kwa baadhi yao si imara.

Umeniuliza kuhusu kupima, hukuniuliza kuhusu tiba, ila najua swali hilo linafuata. Watoto wanaokosa taarifa za misuli mara nyingi huitafuta taarifa hiyo kwa kusukuma, kubana na kuegemea, na huonekana kutulia wanapopewa kazi nzito inayowafaa: kubeba ndoo ndogo ya maji, kukanda unga wa chapati, kusukuma benchi, kukamua nguo. Mpe kazi hizo kwa kuwa ni nzuri na hazina gharama. Usiahidiwe muujiza, lakini. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilitoa tamko mwaka 2012 kikisema kwamba ushahidi wa tiba zinazojengwa juu ya hisi ni mchache na haujakamilika, kikawashauri wazazi wapime matokeo kwa mambo mahususi wanayotaka yabadilike. Kwa hiyo chagua jambo moja, tuseme foleni ya uji, na uliangalie hilo. Anayekuuzia kizibao au blanketi zito la kumtuliza mtoto katika joto la Tanga, mwache aendelee na safari yake.

Majina ya viungo mfundishe bado, kwa Kidigo na Kiswahili, wakati anapooga na anapovaa, kiungo kikiwa kinaguswa na kina kazi. Usiyaruke majina ya sehemu za siri. Mtoto mwenye ulemavu yumo katika hatari kubwa zaidi ya kudhulumiwa kuliko wenzake, na asiyeweza kusema wala kuonesha alipoguswa hana wa kumtetea. Kwa sababu hiyohiyo, yeyote anayempima kwa kumgusa amwombe ruhusa kwanza, wewe uwepo, na mkono wa mtoto ukivutwa nyuma uheshimiwe kama jibu.

Mama mkwe usibishane naye. Yeye ndiye anayemjua mtoto mchana kutwa, na Kidigo chake ndicho lugha ya mtoto ya nyumbani, kwa hiyo mpe mchezo wa khanga na vidole aufanye yeye, umwandikie majibu. Atakapoona mwenyewe kwamba mjukuu wake anakosa mguso mwepesi na kuupata wa nguvu, habari ya kudekezwa itapungua yenyewe. Fimbo haitamfundisha mkono wake nguvu ya kukumbatia. Itamfundisha tu kumkwepa bibi.

Kuhusu shule, usimtoe. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtambulia haki ya elimu sawa na wengine, wala haiweki sharti la kujitambua kwanza. Isitoshe, foleni, mkeka na uwanja wa shule ndimo mwili wake unamopata mazoezi ambayo nyumbani hayapo. Mwalimu, bila shaka, ana wasiwasi wa kweli kuhusu watoto wanaosukumwa, na ni haki asaidiwe. Pendekeza mwanao akae mwisho wa foleni, ambapo hakuna anayemgusa kwa nyuma, au apewe kazi ya kubeba vikombe vya wenzake mpaka jikoni. Madrasani mwombe ustadhi amkalishe mgongo ukiwa ukutani. Kisha omba kikao na mwalimu mkuu, mwalimu wa kitengo na afisa elimu maalumu wa Halmashauri ya Jiji, uende na daftari lako na baba wa mtoto.

Katika kikao hicho omba sentensi ile iondolewe na mahali pake paandikwe yaliyoonekana: kwamba alipoelekezwa kwa maneno ya Kiswahili peke yake alionesha pua na tumbo, kwamba hutawadha kwa mpangilio akiwa kando ya baba yake, kwamba hutumia nguvu nyingi kuliko inavyohitajika anapochora na kukumbatia, kwamba maumivu ya mguu hakuyaonesha, na kwamba usikivu wake bado haujapimwa, kama ni kweli haujapimwa. Itiwe tarehe ya kumpima upya, kwa lugha anayoielewa na mbele ya mtu anayemzoea, na nakala ya karatasi hiyo ubaki nayo wewe.